Kuitikia Salamu za Kireno Darasani

Tangu mwaka 2019 Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nne ya SADC, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Na kuvuka Ruvuma tu ni kuingia Msumbiji, ambako Kireno ndiyo lugha ya serikali. Si ajabu basi mwanachuo akaja kutakiwa kufundisha salamu za lugha hiyo. Atashawishika kuuliza "Como está?" na kulifanya darasa zima liitikie kwa sauti moja: "Estou bem, obrigado."

Mimi naona kiitikio hicho hakifai. Kwanza, chawafundisha wasichana kukosea. Neno "obrigado" maana yake ya asili ni "niliyewiwa", nalo hufuata jinsia ya msemaji: mvulana husema "obrigado", msichana "obrigada", hata akimshukuru mwanamume. Kiswahili hakina jambo hilo, kwa hiyo mtoto hawezi kulikisia. Akilizoea kosa kwa kuimba na wenziwe, kulisahihisha baadaye ni kazi.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Jibu hilo huikata salamu. Kwetu, mtoto aulizwapo habari za nyumbani akasema "njema" kisha akanyamaza kimya, wakubwa hutazamana. Kireno nacho hutaka swali lirudishwe: "E tu?" kwa mwenzake, "E o senhor?" au "E a senhora?" kwa mkubwa. Hapa pana mtego. "Você" ni neno la kawaida katika sehemu kubwa ya Brazili, lakini huko Ureno laweza kumchukiza mtu mzima akiambiwa na mtoto. Aliyelelewa kwa shikamoo atalifahamu hilo upesi, ila hana budi kuelezwa.

Mengine ni mepesi. "Tudo bem?" hujibiwa kwa maneno yayo hayo, sauti ikishuka, mfano wa "Salama?" na "Salama." Na Mreno asemapo "vai-se andando", yaani twaenda hivyo hivyo, tusimdhanie mgonjwa.

Najua nitaambiwa kwamba darasa la watoto sitini haliwezi kusalimiana mmoja mmoja. Sawa. Wavulana waulize, wasichana waitikie na kurudisha swali, kisha wabadilishane. Halafu mwalimu apite kati ya madawati akisalimu watoto watano au sita kila siku, leo hawa, kesho wale.