Kiini cha Kompyuta Kisiwe Siri

KATI ya masomo yote ya kompyuta yafundishwayo vyuoni, ni machache yawatishayo wanafunzi kama somo la mifumo endeshi. Mfumo endeshi ndio programu ile isimamiayo programu nyingine zote: huipa kila moja zamu yake ya kutumia bongo la mashine, huilinda kumbukumbu ya moja isivamiwe na nyingine, na huyatunza mafaili katika diski ili yasipotee umeme ukatikapo ghafla. Mtumiaji wa kawaida haioni kazi hiyo. Mwanafunzi naye, katika vyuo vingi, huisikia ikisimuliwa tu. Mhadhiri huchora miraba na mishale ubaoni, mwanafunzi hunakili, mtihani hufika, na miraba na mishale hurudishwa kama ilivyotolewa. Huko ni kumfundisha mtu ufundi wa magari kwa kumwonyesha picha ya injini.

Zamani udhuru ulikuwapo. Mnamo mwaka 1976 na 1977 John Lions, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New South Wales nchini Australia, aliwatolea wanafunzi wake vitabu viwili. Kimoja kilikuwa na maandishi ya kiini cha mfumo wa Unix, toleo la sita, yapatayo mistari elfu tisa. Cha pili kilikuwa na maelezo yake. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi aliweza kuusoma mfumo endeshi wa kweli kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini Unix ilikuwa mali ya kampuni ya AT&T ya Marekani, na toleo la saba lilipotoka mwaka 1979 leseni yake ilikataza maandishi hayo yasifundishwe darasani. Kwa miaka mingi wanafunzi duniani walisoma vitabu vya Lions kwa nakala ya nakala, herufi zikizidi kufifia kila vilipopita katika mashine ya kunakili. Vilichapishwa kwa ruhusa mwaka 1996.

Tanzania nayo katika miaka hiyo ilikuwa imeufunga mlango kwa upande wake. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuwa na sababu zake, lakini kizazi kizima cha vijana wenye vipaji kilikosa hata mashine ya kuifungua.

Ukiritimba wa AT&T haukudumu. Andrew Tanenbaum, profesa mjini Amsterdam, aliandika mfumo wake mdogo wa kufundishia, MINIX, akautoa pamoja na kitabu mwaka 1987. Mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliutumia, na mwaka 1991 akatoa kiini cha Linux. Leo maandishi yote ya Linux yako wazi kwenye intaneti. Hata hivyo, yamezidi mistari milioni thelathini. Kumtupa mwanafunzi humo ni kumtosa baharini kabla hajajua kuogelea.

Kimfaacho anayeanza ni xv6. Walimu wa chuo cha MIT cha Marekani walianza kuutumia mfumo huu mwaka 2006, wakiiga lile toleo la sita la Unix alilolieleza Lions. Ni mdogo, umeandikwa kwa lugha ya C, na una kitabu chake cha kurasa mia moja hivi. Siku hizi umeandikwa kwa ajili ya RISC-V, muundo wa prosesa uliozaliwa Berkeley mwaka 2010, lakini hakuna haja ya kununua mashine ya namna hiyo: programu iitwayo QEMU huiigiza ndani ya kompyuta ya kawaida, hata iliyozeeka. Maelezo ya masomo na mazoezi yake hupatikana bila malipo.

Ubora wake umo katika mazoezi hayo. Katika xv6, mchakato mmoja unapozaa mwingine, kumbukumbu yote ya mzazi hunakiliwa kwa mtoto, ingawa aghalabu mtoto huitupa papo hapo ili kuendesha programu nyingine. Mwanafunzi huagizwa kuuondoa ubadhirifu huo: mzazi na mtoto washirikiane kurasa zile zile, zisomwe tu, mmoja akijaribu kuandika, mashine ishtuke, nacho kiini kinakili ukurasa ule mmoja peke yake. Mwanafunzi akikosea hesabu ya wangapi bado wanautumia ukurasa, ukurasa utatolewa kwa mwingine ilhali mwenyewe bado anausoma, na mfumo utaanguka. Atakesha akitafuta kosa. Atakapolipata, hatasahau tena kumbukumbu husimamiwaje, na mchoro wa ubaoni utapata maana.

Kwa nadharia, kitabu cha Remzi na Andrea Arpaci-Dusseau wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kimewekwa chote katika tovuti, sura kwa sura, bila malipo. Lugha yake ni nyepesi, na mizaha yake, ambayo wakali wa taaluma hawataipenda, humpumzisha msomaji.

Basi kikwazo ni nini? Kimoja ni gharama. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, lakini mwanafunzi anunuaye kifurushi kwa fedha ya chakula haoni nafuu kubwa. Ajabu ni kwamba xv6 na kitabu chake ni vidogo sana. Chuo kikivipakua mara moja, darasa zima laweza kugawana kwa flashi, na leseni ya mfumo huo inaruhusu. Kingine ni lugha, kwani yote hayo yameandikwa kwa Kiingereza. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Maelezo ya xv6 kwa Kiswahili hayawezi kuwa kazi nzito kuliko ile.

Kikwazo kikubwa zaidi ni mtihani. Majibu ya mazoezi haya yamezagaa kwenye intaneti, na siku hizi zipo programu za akili bandia ziyaandikazo kwa dakika. Maadamu alama hutolewa kwa jibu lililoletwa, mwanafunzi ataleta jibu la mwingine. Mhadhiri amketishe mwanafunzi mbele ya maandishi aliyoyaleta, aufute mstari mmoja, amwulize nini kitaharibika na kwa nini.

Wahadhiri wanaosita hawahitaji kusubiri mtaala mpya. Miongoni mwa mazoezi ya mwanzo ya xv6 ni kuandika programu ingojayo kwa muda uliotajwa. Haihitaji zaidi ya mistari ishirini, na yaweza kuanza kufundishwa muhula ujao.