Tangazo la Idi halimfai mwenye maji sebuleni

Hapa kwetu Al Twar biashara nyingi za Waswahili hazina duka. Duka ni simu. Mama mmoja anakaanga sambusa na kuoka mkate wa kumimina jikoni kwake, binti yake anauza abaya, jirani analeta kanga na udi kutoka Unguja, na wateja sote tumo kwenye magrupu yale yale ya WhatsApp. Tangu 2017 Dubai inatoa leseni ya Trader kwa anayeuza mtandaoni akiwa nyumbani, kwa hiyo si mambo ya kujificha tena. Mimi ni mteja wao wa siku nyingi na nataka waendelee. Lakini maneno yao ya kuuzia, jamani, yamelala.

Mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili ni wimbo mmoja: ofa kubwa, wahi, zimebaki chache. Mteja wa tarehe mbili, mshahara umeingia, si yule wa tarehe ishirini na tatu anayehesabu zilizobaki. Mtu ni yule yule, mfuko si ule ule. Ukimwandikia kama vile hajabadilika, ataona humjui.

Tukumbuke Aprili 2024. Idi ilikuwa tarehe 10, na tarehe 16 ikanyesha ile mvua. Upande wa Al Ain zilipimwa zaidi ya milimita 254 chini ya saa 24, nyingi kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949. Ndege zikakwama uwanjani, ambao sisi wa Al Twar ni majirani zake, na watoto wakasomea nyumbani. Siku zile zile, kwenye grupu moja nililomo, muuzaji akatuma picha ya zulia jeupe na maneno ya kutuhimiza tuing'arishe sebule baada ya sikukuu. Watu walikuwa wanakamua mazulia barazani! Zulia lenyewe lilikuwa zuri. Hakuna aliyejibu hata neno.

Kwenye grupu hilo hilo mama mmoja mpishi alituandikia hivi, kwa ufupi: leo sipokei oda za karamu, nina wali na samaki wa watu thelathini, kijana wangu ana gari ya juu, kama jiko lako limelowa niambie mko wangapi. Chini yake bei, ile ile ya wiki iliyopita. Kabla ya adhuhuri chungu kilikuwa kitupu.

Najua wapo watakaosema kwamba huko ni kuuza kwa shida za watu. Mimi naangalia bei kwanza. Angeipandisha siku ile, ningesema nao. Hakuipandisha. Alibadilisha maneno na alichokitoa kikafuata haja ya watu. Mwingine anaijua hali ya mteja vizuri kabisa, halafu anaibonyeza palepale panapouma. Mwisho wa Agosti, ada za shule zinadaiwa, unaona tangazo linamwambia mzazi kwamba mwanawe ataonekana mnyonge mbele ya wenzake bila begi fulani. Huyo naye amefuata wakati, lakini kwa kumtisha mama ambaye ameshalemewa. Mimi hanipati.

Na wala hili la kufuata wakati si somo la kutoka ng'ambo. Tazameni kanga zetu. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake Mombasa mwaka 1887, na mpaka leo kanga za Mali ya Abdulla zinajulikana pwani nzima. Kanga ina jina, na jina ndilo linalouza. Zamani liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi, kufuata wasomaji. Ipo ya arusi, ipo ya kumpongeza mama, ipo ya kumjibu jirani bila kufungua mdomo. Barack Obama aliposhinda uchaguzi mwaka 2008, zikatoka kanga zenye picha yake. Kitambaa ni pamba ile ile na pindo ni lile lile. Muuzaji wa kanga hamuuzii bibi arusi jina la ugomvi, ati kwa kuwa ndilo lililobaki stoo.

Sasa chukua msimu wa joto. Julai nusu ya grupu wako Mombasa na Unguja. Waliobaki hapa wengi wao tiketi ziliwashinda, na hao ndio unaowatumia tangazo la zawadi za wasafiri! Waandikie wao. Waambie unaleta chakula magharibi jua likipoa, ili wasiwashe jiko mchana. Shule zikifunguliwa, "sambusa 50 wahi" haimsaidii mama anayeamka saa kumi na moja. Mwambie zimegandishwa, atoe sita usiku, asubuhi azikaange wakati watoto wanavaa. Hapo hujamsifia sambusa hata kidogo, na atanunua.

Hizi "zimebaki mbili tu" nazo tuziache kama si kweli. Sheria ya shirikisho nambari 15 ya mwaka 2020 ya kumlinda mlaji inakataza tangazo la kupotosha, na haijawasamehe wauzaji wa nyumbani. Tena kwenye grupu la jamaa uongo haufiki mbali: shangazi ameagiza ya mwisho Jumatatu, Jumatano mkwewe ameagiza ya mwisho vilevile, Ijumaa wanakutana arusini.

Jengine ni hii "bei njoo inboksi". Mwenye hela haimsumbui, atauliza. Anayehesabu dirhamu zake za mwisho wa mwezi anaona haya kuuliza kisha akasema hawezi, hasa muuzaji akiwa ni jamaa yake. Atapita kimya, na wewe utadhani hakuipenda. Iandikeni bei, na kama mnakubali nusu sasa na nusu mshahara ukiingia, liandikeni hilo nalo, juu kabisa, kabla ya picha.