Bakteria wa kunde watafutwe Kwakoa kwenyewe

MKULIMA wa Kwakoa, wilayani Mwanga, anapolalamika kuwa shamba lake limechoka, ushauri anaopewa mara nyingi ni mmoja tu: nunua mbolea. Tangu Serikali irejeshe ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/2023, ushauri huo umepata nguvu zaidi.

Hata hivyo, katika tambarare kame zilizo chini ya Milima ya Pare ya Kaskazini, kuelekea Ziwa Jipe, mbolea ya dukani ni kamari. Mvua ikikatika mapema, mkulima hupoteza mazao na fedha pia. Ndiyo maana kunde, choroko, mbaazi na fiwi, au ngwara, zinastahili kupewa uzito, kwani zina kiwanda cha mbolea mizizini.

Kiwanda hicho ni vinundu vinavyokaliwa na bakteria waitwao raizobia. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Bakteria hao ndio huigeuza ikawa chakula cha mmea.

Wasichokijua wengi ni kwamba bakteria hawa hawafanyi kazi wakati wote. Jeni zao hufunguliwa na kufungwa kulingana na mazingira, mithili ya bomba la maji. Mzizi hutoa kemikali udongoni, na bakteria akiitambua hufungua jeni zinazouamsha mmea utengeneze kinundu. Akishaingia humo, ambamo oksijeni ni kidogo, hufungua jeni za kunasa naitrojeni. Shamba likiwa na naitrojeni nyingi, mmea wenyewe hupunguza vinundu. Kwa hiyo anayemwaga urea nyingi kwenye kunde analipia kazi ambayo ingefanywa bure.

Mazingira pia huchagua bakteria. Aina iitwayo CIAT 899, iliyotoka Colombia na kutumika kwa maharage nchini Brazil, huvumilia joto na udongo wenye tindikali. Watafiti wamebaini kuwa penye chumvi nyingi, hufungua jeni za kinundu hata kabla ya kupata ishara ya mzizi. Si kila bakteria ana uwezo huo.

Wapo watakaosema kuwa bakteria wa pakiti wanauzwa, basi wanunuliwe. Ni kweli, utaalamu upo Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Sokoine kilitengeneza Nitrosua kwa ajili ya soya, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilibuni Biofix. Lakini pakiti hiyo ni kitu chenye uhai; ikikaa kwenye duka lenye joto kali, mkulima hununua vumbi. Aidha, bakteria wageni wakifika shambani hukuta wenyeji waliozoea ukame, na mara nyingi hushindwa.

Dawa ni kuwatafuta wenyeji hao. TARI Selian na Taasisi ya Nelson Mandela, zote za Arusha, zikusanye vinundu katika mashamba ya Kwakoa, hasa baada ya msimu mbaya, ziwapime bakteria waliohimili na kuwazalisha walio bora.

Wakati hilo likisubiriwa, maofisa ugani wawafundishe wakulima kipimo kisicho na gharama. Kunde zikianza kutoa maua, chimbua mche taratibu, kisha pasua vinundu kwa wembe. Rangi nyekundu au ya waridi ina maana kiwanda kinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani ndani, bakteria hawazalishi.

Bakteria hawaleti fosforasi, hivyo samadi na mbolea ya fosfeti bado zina nafasi. Lakini si haki mkulima wa nyanda kame kukopa fedha za kununua naitrojeni inayopita bure juu ya shamba lake, huku bakteria wa kuinasa wakiwa udongoni mwake bila kuchunguzwa.