Kupanda Amani kwa Baiskeli

Ndugu msomaji, yumkini baiskeli yako nyeusi imekwisha kukupeleka kazini, sokoni na matangani kwa miaka mingi bila wewe kuifikiria kuwa ni chombo cha matembezi. Juma hili tunakuomba uifikirie hivyo. Na kama unakaa Tanga, au una ndugu wa kukupokea huko, unayo mbele yako nchi mbili kwa safari moja: pwani yenye minazi na mchanga, na nyuma yake milima ya Usambara ya Mashariki ambayo asubuhi isiyo na mawingu huonekana kama ukuta wa buluu upande wa magharibi.

Huko Marekani, katika mji wa Emporia jimboni Kansas, tangu mwaka 2006 watu hukusanyika kushindana kwa baiskeli katika barabara za changarawe, maili 200, yaani zaidi ya kilomita 320. Mchezo huo umeenea na umezaa baiskeli zake maalumu, ambazo bei yake haitajwi mbele ya mtu anayelipa kodi ya nyumba. Ukiitazama baiskeli ya namna hiyo utaona tairi yenye upana wa milimita 40 hivi. Sasa nenda uani ukaitazame Phoenix yako. Tairi ya inchi 28 kwa moja na nusu ina upana huo huo. Kumbe bwana shamba na tarishi walikuwa wakiuendesha mchezo huu zamani, ila hawakupewa medali.

Kwa hiyo kwa upande wa tairi huna upungufu. Upungufu wako uko mahali pawili. Huna gia za kupandia, na breki zako zilibuniwa kwa nchi tambarare. Upungufu wa kwanza ni mdogo, kwa maana mlima ukikushinda utashuka na kusukuma, wala hapana aibu. Wenyeji wa milimani husukuma kila siku. Upungufu wa pili ndio unaoweza kuua, na ndio utakaochukua sehemu kubwa ya mazungumzo yetu.

Lakini kabla ya mlima, ijaribu baiskeli na ujijaribu nafsi yako pwani. Barabara ya kusini itokayo Tanga kwenda Pangani, kiasi cha kilomita 50, ilikuwa ya changarawe kwa miaka mingi na katika miaka ya karibuni imekuwa ikitiwa lami. Usiende mpaka Pangani siku ya kwanza. Chini ya kilomita 20 kutoka mjini utafika Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale ya Waswahili yenye nguzo. Jirani na pwani hiyo ndipo Wareno wa Vasco da Gama walipokwama mwambani mwaka 1498, na mwaka uliofuata wakaichoma moto merikebu yao São Rafael kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Watoto wenye umri wa kutosha wanaweza kwenda na kurudi kabla ya jua kuwa kali, na njia za pembeni zina mchanga wa kutosha kuwafunza jambo moja: penye mchanga mzito usikate kona kwa nguvu wala usishike breki ya mbele. Acha gurudumu litafute njia yake, nawe endelea kukanyaga.

Ukirudi Tongoni bila maumivu ya mgongo, uko tayari kwa milima.

Safari yenyewe yafaa ianzie Muheza. Kutoka Tanga hadi Muheza ni barabara kuu ya lami yenye mabasi na malori yaendayo mbio, na kwa mtu mwenye familia hapana sababu ya kuyakaribia; pakia baiskeli juu ya basi. Utapita kati ya mashamba ya mkonge, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na inasemekana katika miche elfu moja aliyoiagiza ni 62 tu iliyofika hai. Kutoka Muheza hadi Amani ni kilomita 35 hivi. Kama utakuta kipande kilichokwisha kutiwa lami, kipite kwa furaha, ila usidanganyike ukadhani ndivyo ilivyo hadi juu.

Sehemu ya kwanza ni ya kupanda na kushuka vilima vidogo, katikati ya michungwa na mihogo. Udongo ni mwekundu. Wakati wa kiangazi changarawe hujipanga mikunjo kama bati la paa, na hapo mikono hufa ganzi. Punguza upepo wa tairi kidogo tu na upite ukingoni ambako mikunjo ni michache. Wakati wa mvua udongo huo huo huwa kama sabuni. Nako Amani hupata mvua nyingi mno, karibu milimita 1,900 kwa mwaka, kwa hiyo chagua miezi ya Januari na Februari, au kuanzia Juni hadi Septemba, na hata hapo chukua koti la mvua.

Zigi ndipo mlima unapoanza kweli. Hapa, kiasi cha mita 450 juu ya usawa wa bahari, lipo lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani iliyoanzishwa mwaka 1997, na hulipwa kiingilio. Palikuwa kituo cha reli nyembamba waliyoijenga Wajerumani kushusha magogo ya msituni. Reli haipo tena. Mto Zigi unaousikia ukivuma mawe ndio ujazao bwawa la Mabayani, na maji ya Mabayani ndiyo yanywewayo Tanga mjini. Mwonyeshe mtoto wako mto huo na umwambie ya kwamba chai aliyokunywa asubuhi ilitoka hapa. Atauheshimu msitu kuliko kwa hotuba yoyote.

Kutoka langoni kuna kilomita tisa hivi za kona na kivuli hadi Amani, ambako utakuwa umefika mita 900. Sukuma unapochoka. Juu utakuta bustani ya miti iliyoanzwa mwaka 1902, pamoja na chuo cha utafiti cha Wajerumani, na miti iliyoletwa kutoka pembe nyingi za dunia ingali imesimama. Katika milima hii ndipo ua dogo la zambarau lililopo madirishani Ulaya nzima lilipochukuliwa, likapewa jina la Saintpaulia kwa ajili ya Mjerumani aliyelipeleka kwao katika miaka ya 1890. Kwetu hukua kwenye miamba yenye unyevu bila kumwagiliwa na mtu. Lala huko usiku mmoja. Anayepanda na kushuka siku moja hushuka akiwa amechoka, na mchovu hushika breki kwa kuchelewa.

Sasa tuje kwenye kushuka. Fanya hesabu hii pamoja na watoto: mtu wa kilo 65, baiskeli ya kilo 20 na mzigo wa kilo 5 ni kilo 90. Kilo 90 zikishuka mita 450 kwa mwendo wa taratibu, karibu nguvu yote hugeuka joto, nalo latosha kuchemsha lita moja ya maji na kubaki. Joto hilo lapita katika vipira vinne vidogo vya breki na rimu mbili za chuma. Basi usishangae vipira vikinuka na kiraka cha tyubu kikilegea.

Kwa hiyo, kabla ya safari, mpelekee fundi baiskeli aingize vipira vipya vya breki, mbele na nyuma, na akaze kila nati ya vile vyuma vinavyovivuta. Mwenyewe ufunge vipira viwili vya akiba pamoja na pampu, viraka na spana. Katika kushuka, tangulia kwa breki ya nyuma, kisha saidia na ya mbele, ukibana na kuachia, kubana na kuachia, ili rimu ipate kupumua. Usingoje mwendo ukushinde ndipo ubane. Kila baada ya kilomita moja simama, teremka, uweke kidole karibu na rimu. Kama huwezi kukivumilia, kaa kivulini dakika kumi. Rimu ya chuma ikilowa, breki hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, hivyo mvua ikinyesha safari ya baiskeli imekwisha: tembea huku ukiishikilia. Shika kushoto kwako katika kila kona, kwa kuwa gari lenye chai au mbao laweza kuwa linapanda nawe hulisikii kwa kelele ya changarawe.

Na hili tunalisema kwa wazazi bila kulainisha. Mtoto asikae kwenye keria wakati wa kushuka, hata mita mia, hata akilia. Uzito wake huongeza kazi ya breki, na ukianguka wewe utaanguka juu yake. Ateremke atembee na mama au kaka yake, nanyi mngojeane kila kona. Kilomita tisa za kutembea kuteremka ni saa mbili na nusu, tena msituni, penye mbega na hondohondo wa kutazama.

Mkifika Muheza mapema, nunueni machungwa kabla ya kupanda basi. Kama ni Juni au Julai yatakuwa tele. Msiyakatae yenye ganda la kijani. Joto la pwani haliyaachi yawe manjano, lakini ndani yameiva.