Hana Uzoefu, Lakini Mzee Kaachiwa Yeye

BARAZA LA IJUMAA, na Mwanaidi Mhina

Msomaji mmoja wa Pangani, binti aliyemaliza kidato cha nne kwa matokeo anayoyaita ya kawaida tu, ameniuliza kama mtu asiye na uzoefu anaweza kuingia katika kazi ya kutunza wazee. Shangazi yake amemdokezea kwamba ipo familia Raskazone inayotafuta mtu wa kukaa na mama yao aliyepata kiharusi. Sharti lao ni moja: awe na uzoefu. Yeye anasema hana. Mistari miwili mbele anagusia, kama mtu anayeomba radhi, kwamba alimuuguza bibi yake mwaka mzima mpaka siku ya mwisho.

Nitamjibu, lakini kwanza nina ugomvi na hilo sharti.

Tuingie majumbani mwetu hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Makorora, Chumbageni hadi Mabawa. Mzee ameanguka. Watoto wako Dar es Salaam, Arusha, mmoja yuko Muscat. Wanashauriana kwa simu, wanachanga, kisha analetwa binti kutoka Lushoto au Kilindi. Amekuja kwa kazi za ndani: kufagia, kupika, kufua. Jioni ile ile anaonyeshwa chumba cha uani na kuambiwa, "Na bibi naye utakuwa unamwangalia." Hapo hakuna anayeuliza uzoefu. Hakuna pia anayemwonyesha namna ya kumgeuza mtu ambaye upande mmoja wa mwili umelala. Baada ya muda bibi ana kidonda cha kulalia kiunoni, kiganja kizima kinaenea, na kikao cha ukoo kinamalizika kwa kumfukuza dada. Analetwa mwingine, naye hajui lolote.

Kwa hiyo tunadai uzoefu kwa mdomo, na kazi tunawapa wasio nao. Kati ya hayo mawili kulipaswa kuwe na mafunzo, na mafunzo hayapo.

Ajabu ni kwamba pwani hii haijawahi kukosa mafundi wa mwili wa binadamu. Mtoto akizaliwa alikuwepo mkunga. Binti akivunja ungo au akiolewa, ana somo wake, ana kungwi. Maiti ina mwosha, anayejua maji yaanzie wapi, shuka ishikwe vipi ili utupu usionekane, na nani anaruhusiwa kuwemo chumbani. Wote hao walijifunza kwa kukaa pembeni ya aliyewatangulia, wakipewa kwanza kushika kopo, baadaye taulo, mpaka siku wakaachiwa kazi. Na wote walipata haki yao, iwe kanga, mchele au fedha. Ila ile miaka kumi au ishirini ya mwisho kabla ya mwosha hajaitwa, tuliiacha kwa mkamwana na huruma zake. Ilitosha wakati nyumba imejaa watu. Siku hizi mkamwana ni karani benki na anarudi saa moja usiku.

Tanga kuna jambo jingine la kwetu peke yetu. Waja leo waondoka leo, ndivyo tunavyojisifu. Watu wa mkonge walikuja na hawakuondoka. Tangu enzi za Wajerumani mashamba ya mkoa huu yaliita vibarua kutoka mbali: Waha wa Kigoma, Wangoni wa Songea, Wamakonde, Warundi. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyowasafirisha kwa maelfu, kila mtu na namba yake, ndipo wakaitwa manamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mkonge wetu ulikuwa wa kwanza duniani na uzalishaji ulipita tani 200,000 kwa mwaka. Nyuzi za viwandani zikaja, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 kilichobaki kilikuwa kama sehemu ya kumi. Mashine za korona za kuchakata mkonge zikanyamaza, watu wakabaki. Vijana walioingia kambini wakati ule wamezeekea Muheza, Korogwe na Mkinga, na ndugu zao wa damu wako mwisho wa reli ya kati, kama bado wapo. Waongezee wastaafu wa bandari na wa reli ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Huu ni mji wa wazee ambao ukoo wao hauko karibu.

Serikali ina makazi ya wazee wasiojiweza, na mkoa wetu una mawili: Mwanzange hapa mjini na Misufini kule Muheza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema familia ndiyo ya kwanza kubeba jukumu na makazi ni hatua ya mwisho. Sina ubishi. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wa miaka 60 na zaidi wapatao milioni 2.5 nchi nzima, na ya mwaka 2022 ikakuta kama milioni 3.5. Milioni moja imeongezeka kwa miaka kumi, na hakuna mtu aliyeongeza mikono ya kuwashika. Jirani zetu wa Zanzibar tangu mwaka 2016 wanampa kila mwenye miaka 70 pensheni ya jamii, ilianza shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Si nyingi, ila mzee mwenye chake hata kama kidogo husikilizwa zaidi nyumbani kwake. Hilo ni la safu nyingine.

Nirudi kwenye mafunzo. Marekani, ambako Waafrika Mashariki wengi wameanzia maisha katika nyumba za wazee, sheria ya shirikisho inataka msaidizi wa muuguzi apate mafunzo ya angalau saa 75. Kati ya hizo, saa 16 lazima zitangulie kabla hajamgusa mzee yeyote: namna ya kuzungumza naye, kuzuia maambukizi, kumwokoa aliyepaliwa, kuheshimu haki zake. Saa 75 ni wiki mbili za kazi. Wiki mbili tu! Huyu dada wa Kilindi tunayemfukuza kila baada ya miezi mitatu tungeweza kumpa wiki mbili.

Asiniambie mtu kwamba Tanga hatuwezi, maana tumekwisha kuweza. Ukimwi ulipotuingilia, hospitali zilijaa na wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikaanzishwa hapa kikundi cha Tanga AIDS Working Group, kikawakutanisha waganga wa jadi na madaktari wa Hospitali ya Bombo na kuwafuata wagonjwa majumbani. Hospitali Teule ya Muheza ikajenga huduma yake ya tiba shufaa, nayo ikatoka kwenda vijijini. Nchi nzima akina mama wa kawaida, wengine hawajamaliza darasa la saba, walifundishwa kusafisha vidonda, kubadilisha shuka mgonjwa akiwa juu yake, kumpa mtu maji ya chumvi na sukari. Hakuna aliyewauliza uzoefu. Ujuzi ule ungalipo, umekaa barazani na kadi za kustaafu: wauguzi wa Bombo na Teule ambao leo wanauza maandazi na ubuyu. Halmashauri ya Jiji ikiwapa darasa moja la shule ya msingi wakati wa likizo na posho ya nauli, kundi la kwanza lingehitimu kabla ya Ramadhani. Na serikali ambayo Januari 2024 ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano haiwezi kusema kwamba haijui namna ya kumfundisha kijana wa mtaani.

Wangefundishwa nini? Mengi ni madogo, na ndiyo yanayoua au kuokoa. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia, na shuka isiwe na mikunjo. Mwenye kiharusi asivutwe kwa mkono uliolegea, bega litachomoka. Akivishwa, nguo ianzie upande mgonjwa. Akivuliwa, ianzie upande mzima. Akilishwa, aketi wima, kijiko kiwe kidogo, chakula kiende upande wa mdomo wenye nguvu, na umwone amemeza kabla ya kijiko cha pili. Uji unaopita njia ya hewa humaliza wazee wengi ambao tunasema waliondoka na homa. Mwenye kisukari aangaliwe nyayo kila siku, maana msumari unaweza kuingia asiusikie. Anayesahau na kuuliza saa tano usiku mumewe yuko wapi, naye mumewe alizikwa miaka kumi iliyopita, asibishiwe. Aulizwe alikuwa mtu wa namna gani, atasimulia mpaka atasinzia. Na kabla ya yote, shikamoo, jina lake, kisha umwambie unachotaka kufanya ndipo umguse. Nimeona watu wazima wakivuliwa nguo kama mihogo inavyomenywa, bila neno.

Vijana wa kiume, msiruke aya hii. Kwa mila na dini zetu mzee wa kiume hataki kuogeshwa na binti wa watu, na akilazimishwa anakataa kuoga kabisa. Familia zinahangaika kumpata kijana mwenye adabu, mwenye nguvu za kunyanyua, asiyeona haya kubadilisha pampasi. Mnagombania abiria kwenye bodaboda wakati kazi hii haina hata foleni.

Najua wapo watakaosoma hapa na akili imekwisha kwenda ng'ambo. Uingereza ilifungua viza ya watunza wazee mwaka 2022. Machi 2024 ikawazuia kwenda na wenza na watoto, na Julai 2025 ikafunga kabisa kuajiri wapya kutoka nje kwa kazi hiyo. Wakala anayekuahidi nafasi hiyo leo anakula nauli yako. Uarabuni ni karibu na tuna ndugu, lakini shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa mwaka 2017 kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na humo kuna pasi zilizofichwa, mishahara isiyolipwa na siku zisizo na mapumziko. Wapo waliofanikiwa, nawajua. Hata hivyo mwenye ujuzi mkononi na cheti cha kuonyesha hupatana vizuri zaidi kuliko asiye nacho, hapa au huko.

Na hapa napo tupatane vizuri. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Januari 2023 ilimweka mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri kwenye shilingi 60,000 kwa mwezi. Kiwango hicho kilimfikiria mtu wa kufagia na kupika. Hakikumfikiria anayeamka mara nne usiku kumgeuza mtu mwenye kilo 80. Waajiri wengi walikishika kwa sababu hakukuwa na kingine, na mimi naona ni dhuluma ya wazi, hata ikifanywa na watu wanaoswali swala tano au wanaokaa kiti cha mbele kanisani. Wanaolipa fundi wa jenereta 50,000 kwa asubuhi moja wasijifanye hawana.

Basi binti yangu wa Pangani, nenda. Mwaka mmoja na bibi yako ni uzoefu. Ueleze kwa vitendo, kwamba ulimwogesha, ulimlisha, ulimpa dawa kwa saa, ulimpeleka kliniki. Kabla ya Raskazone pitia kwa afisa ustawi wa jamii ukiwa na barua ya serikali ya mtaa wako, omba kujitolea wiki mbili tatu Mwanzange au Misufini uangalie wanaojua wanavyofanya. Ukienda kwa familia, usiulize mshahara kwanza. Uliza mama analala upande gani, ana kidonda au hana, anameza vizuri au anapaliwa, dawa ni zipi na nani anazinunua, nani atakusaidia kumnyanyua, na daktari wake ni nani. Uliza usiku unalala wewe au mnapokezana. Kadi yake ya benki usikubali kuishika, hata wakikusihi. Taka makubaliano ya maandishi. Sheria ya ajira inakupa saa 24 za kupumzika kila wiki na siku 28 za likizo kwa mwaka, na wewe ni mfanyakazi kama karani yeyote. Mshahara uje mwisho, na uwe mara mbili ya kile ulichokuwa umekifikiria njiani.

Wakikwambia mama yao hana usumbufu wowote, anakula na kulala tu, ongeza tena.