Kabureta Kubwa Si Nguvu Kubwa

Barabara ya Kasongo na Kabambare twaijua. Mvua ikinyesha, magurudumu huzama topeni, na dereva hushika gia ya kwanza na ya pili kwa saa nyingi. Hata hivyo wako wenye Land Rover za zamani wanaotaka kuzitia kabureta kubwa, wakidhani ya kuwa nguvu itaongezeka. Sivyo.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa. Koo lake limebanwa katikati. Hewa ipitapo penye wembamba hukaza mwendo, ikavuta petroli katika kitundu chake na kuitawanya kama ukungu. Aliyeeleza mwaka 1797 jinsi mikondo ipitavyo penye wembamba ni padre Mwitalia, Giovanni Battista Venturi, na koo hilo laitwa kwa jina lake hata leo.

Sasa tupige hesabu. Injini ya petroli ya Land Rover iliyotolewa mwaka 1958 ina ujazo wa lita 2 na robo, nayo huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ingevuta lita 4,500. Lakini silinda hazijai kabisa; tukitoa sehemu moja ya tano, zabaki lita 3,600. Kwa kazi hiyo kabureta ya Zenith ya milimita 36 ilitosha.

Topeni je? Injini ikizunguka mara 1,500 tu, hewa haizidi lita 1,350. Ikipita katika koo pana mno, huenda polepole. Petroli hudondoka badala ya kutawanyika, na injini hukohoa hata kuzimika. Koo jembamba mno nalo huinyima injini pumzi iendapo mbio.

Basi, kabla ya kununua, safisheni kichujio cha hewa na vitundu vya petroli. Tazameni plagi pia: zikiwa na masizi meusi makavu, yaelekea petroli imezidi, zikiwa nyeupe, yaelekea imepungua. Mara nyingi dawa ni hiyo tu.

Petroli yetu hutoka mbali, na bei yake ni ghali. Tena pengine garini yumo mama mwenye uchungu, akipelekwa hospitali usiku. Yeye hahitaji mbio, bali injini isiyozimika njiani. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.