Kikoi kiingie ofisini
KAULI YA PWANI
Na Athumani Mbaruku

Brad Pitt alipotokea Berlin Julai 2022 akiwa amevaa sketi ya kitani kwenye uzinduzi wa filamu yake, picha zilifika mpaka huku pwani. Alipoulizwa sababu, alitaja upepo. Nilisikia wanaume wazima wakisema dunia imekwisha. Wengi wao jua likizama huvua suruali, hujifunga msuli na kwenda barazani, na hakuna anayewashangaa.

Mimi sina ugomvi na Brad Pitt. Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe, tuliokubali kwamba nguo aliyojifunga babu kwa heshima ni nguo ya kulalia na ya kuogea, haifai mbele ya meza ya mwajiri.

Kikoi ni kitambaa cha pamba iliyofumwa, chenye mistari ya rangi pembezoni na matamvua mwishoni. Unakizungusha kutoka nyuma, unasawazisha ncha mbili, unalaza upande mmoja juu ya mwingine, kisha unaviringisha pindo la juu mpaka likaze kiunoni. Hakuna mkanda, kifungo wala zipu. Mvuvi akitaka kushuka majini, au mkwezi kupanda mnazi, hupitisha pindo la chini katikati ya miguu na kulichomeka nyuma, amepiga uwinda, na nguo ya kukalia barazani imekuwa nguo ya kazi. Akimaliza huiachia ikashuka tena. Sijui suruali gani inayoweza hayo.

Wala si sisi peke yetu. Bahari ya Hindi yote imezungukwa na wanaume wa nguo ya kujifunga: Myemeni na futa yake, Msomali, Mhindi wa kusini, Mwindonesia, Mburma na longyi yake anayokwenda nayo kazini. Mwomani hujifunga wizari ndani ya kanzu. Watu hawa wote wanaishi penye joto, na wote walifikia jibu moja: acha hewa ipite. Sasa mtazame karani wa Mombasa au Tanga mwezi Machi, suruali nzito, soksi, tai shingoni, jasho likimtiririka kabla ya saa nne asubuhi. Anateseka kwa ajili ya vazi lililobuniwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya.

Na Ulaya kwenyewe, joto likizidi, watu hukumbuka. Juni 2017 madereva wa mabasi wa Nantes, Ufaransa, waliokatazwa kaptula kazini, walivaa sketi kwa sababu wenzao wanawake waliruhusiwa. Mwezi huohuo wavulana wa shule moja ya Exeter, Uingereza, walifanya vivyo hivyo.

Kuna ndugu watakaoniambia kuwa dini imemkataza mwanaume kujifananisha na mwanamke. Ni kweli, nami nalishika katazo hilo. Lakini kikoi hakijapata kuwa vazi la mwanamke hapa kwetu. Yeye ana kanga yake. Tena kila haji mwanaume, awe tajiri au maskini, huingia ihramu kwa vitambaa viwili visivyoshonwa, na kimoja hujifungwa kiunoni. Stara ya mwanaume ni kati ya kitovu na magoti, na kikoi kinaisitiri kuliko jinzi za kubana ambazo vijana wetu huvaa msikitini bila kukemewa.

Scotland wana somo juu ya vazi la mwanaume la namna hii. Baada ya uasi ulioishia kwenye vita vya Culloden mwaka 1746, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwakataza wanaume na wavulana wa Scotland kuvaa mavazi ya Nyanda za Juu, ikiwamo kilt, vazi lao la kiunoni, isipokuwa waliokuwa jeshini. Kosa la kwanza lilikuwa kifungo cha miezi 6. La pili, kupelekwa ng'ambo miaka 7. Ilikusudiwa kuwavunja waasi moyo. Sheria ilifutwa mwaka 1782, na mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh akiwa amevaa kilt yeye mwenyewe. Vazi lilipona. Ila leo Waskoti wengi hulivaa kwenye harusi, sherehe na mechi za timu ya taifa; siku za kazi limebaki kabatini.

Sisi nasi tuliwafanyia Wamaasai jambo la namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya kuwataka waache shuka na kuvaa suruali, ili waonekane wameendelea. Leo shuka ileile nyekundu inapamba matangazo ya utalii ya nchi hiyohiyo. Kikoi nacho kinaelekea huko. Madukani kinauzwa kama taulo la ufukweni, mgeni anajifunga na kuingia hotelini, huku kijana wa mapokezi, mzaliwa wa mji huo, akilazimika kuvaa suruali nyeusi. Hili linaniuma.

Kanuni za Bunge la Kenya zinamtaka mbunge mwanaume avae koti, tai, suruali ndefu na soksi, na Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliikataa hata suti ya Kaunda. Mbunge wa Lamu hawezi kuwasemea watu wake akiwa amevaa kama wao. Fiji, polisi wanavaa sulu, nguo ya kiunoni kama kikoi, na mtumishi wa serikali anaweza kuvaa sulu iliyoshonwa vizuri pamoja na koti na tai, wala kazi za serikali hazijasimama.

Kijana wa Nairobi au Dar anayeshona sketi yake na kutembea nayo mjini, mwacheni apite, hajamdhuru mtu. Lakini kwenu wakurugenzi, mameneja na wakuu wa idara wa pwani yetu, nina ombi mahususi. Katika orodha ya mavazi yanayoruhusiwa kazini, ongezeni mstari mmoja: kikoi safi kilichopigwa pasi, shati lenye kola na makubadhi ya ngozi. Anzeni kabla ya joto la mwezi Machi.